Saxo ya Honoré na Ndege ya Shabunda

Nairobi, 14 Februari 1999

Papa mudogo Honoré,

Tumsifu Yesu Kristu. Nakusalimu wewe na maman mudogo Apolline, na kila anayelala chini ya bati lenu pale mtaani Kadutu. Sisi huku tunaendelea. Watoto wanakohoa kwa vumbi, mume wangu Murhula amepata tena masaa ya kufundisha Kifaransa, na mimi bado niko kwenye ofisi ya wakimbizi. Kutwa natafsiri matatizo ya watu hadi nasahau yangu.

Simu ya Bukavu haishiki tangu Noeli, ndiyo maana nampa yule mtawa, Soeur Colombe, barua hii. Anapitia Kigali.

Sasa neno lenyewe. Juzi alikuja ofisini Mbelgiji mmoja mwenye mvi, anakusanya disque, santuri za zamani. Aliposikia natoka Bukavu akauliza kama nimewahi kusikia mtu anayeitwa Honoré Tonnerre, aliyepiga rock kwa saxo ténor kabla ya Indépendance. Nikamjibu, "Huyo ndiye aliyenilea baba yangu alipofariki." Akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Alidhani ulikufa zamani. Ana disque yako moja, ile yenye picha yako umelala chali jukwaani, saxo inatazama dari.

Papa mudogo, anataka uende Bruxelles! Mwezi wa kumi kuna tamasha, anataka vijana wakuone. Ndege na viza ni juu yake, vyako na vya maman mudogo. Kinachobaki ni ninyi kutoka Bukavu. Anaomba pia habari ya maisha yako, na mimi najua vipande tu. Niandikie.

Na kijana wenu Destin anasemaje? Barua yenu ya Noeli haikumtaja. Bado anafundisha?

Anayewakumbuka kila jioni,
Bibiane

*

Bukavu, 2 Mei 1999

Mutoto yangu Bibiane,

Barua yako ilitembea sana mbele ya kufika, lakini ilifika. Tunakushukuru. Apolline iko muzima, ni magoti ndiyo inamusumbua. Wewe unajua Kadutu, ni kupanda na kushuka. Mvua ilibeba choo ya jirani yetu Maman Francine. Hakukuwa mutu ndani, tumushukuru Mungu. Naona Kiswahili yako ya Nairobi imeanza kuvaa kravate shingoni. Mimi naandika ya kwetu, utanivumilia.

Mwambie yule Mubeleji kwamba sikufa.

Nilianza kwa fanfare, bendi ya tarumbeta ya misheni. Padri alinipa saxo juu nilikuwa na kifua kubwa na sikuwa na sauti ya kuimba. Tulikuwa tunapiga procession na mazishi. Halafu mwaka wa cinquante-sept, 1957, Mugriki mwenye duka pale Nyawera akaweka disque ya Wamerika karibu na mulango. Kulikuwa mule saxo yenye kulia kama mutu amekanyagwa kidole. Nilisimama nje na mvua yote, Mugriki akanifukuza, kesho nikarudi. Nilijifunza ile kulia peke yangu: unaimba ndani ya koo na unapuliza wakati moja, sauti inatoka imepasuka. Majirani walimuita marehemu baba yako aje aone kama nimegonjwa.

Mimi na wenzangu tukafanya orchestre, tukaiita Les Diables du Lac, mashetani ya ziwa. Padri akatunyima komunyo juu ya jina. Tukageuza, Les Anges du Lac, tukapata komunyo. Lakini kwa dancing, kule watu wanacheza na kunywa, hakuna mutu alilipa kuona malaika, kwa affiche za ukutani tukaacha Diables. Tulifika Usumbura, Stanleyville, Élisabethville. Nilikuwa napanda juu ya meza, naruka chini, nalala na mugongo na siachi kupiga. Wamama wa Wazungu walikuwa wanapiga kelele, mabwana zao wananitazama vibaya. Léopoldville tulitoa disque mbili. Nilifikiri sasa mulango imefunguka na haitafungwa tena.

Ilifungwa. Ilikuja Indépendance, zikaja vita, guitare ikashika inchi. Kinshasa waliniambia, "Honoré, punguza. Saxo ni ya kupamba." Sikuwa nimefikisha hata miaka makumi tatu. Nikarudi Bukavu kupamba. Wakati wa Chama kimoja tulipiga animation, ngoma ya kusifu mukubwa wa inchi, kila mutu alipiga, tulisifu mpaka mate ikakauka. Halafu nikaweka saxo chini ya kitanda, nikafungua atelier ya kutengeneza radio. Ni hiyo maisha yangu.

Juu ya kutoka: tutaona. Laissez-passer, ile karatasi ya kuvuka mupaka, iko kwa wakubwa wa sasa.

Nitumie anches za ténor, zile kamwanzi za kuweka mudomoni. Zangu zimeoza. Nilijaribu kuchonga moja ya bambou, mudomo ikavimba.

Apolline anakubusu.

Mimi papa yako,
Honoré

*

Nairobi, 30 Mei 1999

Papa mudogo,

Salamu nyingi kutoka kwa Murhula na watoto. Mkubwa ameng'oka jino, mdogo amefaulu hesabu. Tumecheka sana habari ya malaika na mashetani. Nimeitafsiri kwa yule mzee wa Bruxelles, naye amecheka hadi machozi.

Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Ukiomba anches maana yake unajiandaa! Ninakutumia boksi mbili. Fanya mazoezi kidogo kidogo, usiumize mdomo.

Ila hukunijibu mambo mawili. Laissez-passer mmeanza kuitafuta? Na Destin? Nimeuliza mara ya pili sasa. Akiwa na kosa aniandikie mwenyewe, mimi ni dada yake.

Bibiane

*

Bukavu, 22 Agosti 1999

Bibiane,

Hapa wote ni wazima. Maharagwe imepanda bei. Anches zilifika, ni nzuri, nakushukuru. Barua yako ilifika imefunguliwa na kubandikwa scotch, kwa hiyo usiniletee maulizo mingi. Tuko salama, wakubwa wanatuchunga vizuri. Napiga kidogo.

Salimia batoto.

H.

*

Nairobi, 12 Septemba 1999

Papa mudogo,

Nakusalimu, na maman mudogo pia. Watoto hawajambo.

Barua hii inabebwa ndani ya nguo na Gérard, yule mfanyabiashara wa vitenge, kwa hiyo nitasema wazi. Ndiye pia aliyeniambia. Alikuwa Bukavu mwezi wa nane, siku ile wenye bunduki walipofanya sherehe ya mwaka mmoja wa vita vyao. Anasema alikuona mbele ya tribune, jukwaa la wakubwa, umevaa koti jeupe, unawapigia. Anasema si mara ya kwanza, kwamba gari lao huja kukuchukua nyumbani, na kwamba watu wa Kadutu wanakuita musicien ya Commandant.

Nilimwambia ni uongo. Akasema, "Dada, nilimuona na haya macho yangu, alilala chini akapiga." Ndipo nikajua ni kweli.

Mimi kila siku natafsiri maneno ya watu waliokimbia bunduki hizo. Mama mmoja wa kijiji cha Mumosho alinionyesha walivyoifanya mikono yake. Nami nilikutumia anches. Nilizinunua kwa furaha, nikazifunga kwa mikono yangu!

Mzee wa Bruxelles anangoja jibu. Nimwambie nini? Wewe uliyenifundisha kusimama wima, niandikie neno moja la kweli.

Bibiane

*

Bukavu, 3 Oktoba 1999

Mutoto yangu,

Soeur Colombe iko anangoja kwa kiti, barua hii ataiweka ndani ya kitabu chake cha sala. Apolline anakusalimu. Hakujua unayoniandikia, sikumusomea.

Una haki ya kukasirika. Sasa sikia.

Destin hafundishi tena. Mwaka jana mwezi wa kumi alichoka kusimama mbele ya batoto na njaa, akaenda Shabunda kutafuta dhahabu. Alisema, "Papa, ni muda kidogo tu, nitarudi na kitu." Barabara ikafungwa nyuma yake. Mai-Mai, wapiganaji wa kule kwao, wako porini, hawa wengine wako mujini, hakuna mutu anaingia na hakuna anayetoka isipokuwa na ndege. Sikukuandikia kwa sababu maneno yakiandikwa yanakuwa magumu. Na Apolline alikuwa anasema kila asubuhi, "Leo pengine."

Mwezi wa tano gari ilisimama hapa. Alishuka Commandant Élie, ndiye anayesimamia ndege za kwenda Shabunda kuleta mawe ya madini. Akakaa kwa kiti ya Apolline.

"Muzee, batu banasema wewe njo ule wa saxo."

"Nilikuwa."

"Mimi napenda musique. Nasikia tena uko na mutoto kule Shabunda."

Si mimi nilimwambia. Quartier, huu mutaa wetu, ina masikio.

"Ndege yangu inaenda kule, inarudi na muzigo," akasema. "Mutu moja haizidishe kilo sana."

"Unaomba nini, Commandant?"

"Siombi kitu. Samedi hii, Jumamosi, niko na wageni. Utakuja kutupigia."

Nikaenda na ile anche ya bambou. Baada ya kupiga aliniambia pilote amemuona Destin, amekonda lakini iko muzima. Nilipomuletea Apolline hiyo neno, alipika sombe, majani ya muhogo, na samaki kama siku ya Pasaka. Tangu hapo ni "ndege inayokuja," "ndege inayokuja." Mara mvua imeharibu kiwanja, mara kuna mugonjwa wa kijeshi. Na mimi napiga. Siku ya tribune waliniambia nilale chini kama kwa picha, maana mukubwa moja aliijua ile disque. Nililala. Kuamka ndiyo ilishinda, magoti ilikataa, basoda, askari wake wawili, wakaniinua na makwapa, na watu wote wakacheka.

Maman Francine aliacha kuitika salamu ya Apolline. Kwa fontaine ya maji wanamupisha kama mwenye ukoma. Siwezi kueleza kwa mutu. Commandant akisikia nimetangaza, Destin hatapanda. Nikiacha kupiga, hatapanda. Nikitoka kuja kwako, nani atakuwa hapa siku atashuka?

Kwa hiyo mwambie Mubeleji asipoteze tiketi. Na wewe usimwambie mutu kitu. Choma hii.

Papa yako

*

Nairobi, 5 Desemba 1999

Papa mudogo yangu,

Ninakusalimu kwa heshima yote. Ninakuomba msamaha kwa barua yangu ya mwezi wa tisa.

Soeur Colombe anakuja mwenyewe na karatasi hii. Nimemwomba asiondoke kwenu mpaka utakapomaliza kusoma. Tafadhali kaa chini.

Siku chache baada ya kupata barua yako, aliingia ofisini kijana anayeitwa Placide, amefika Nairobi kwa miguu na malori kutoka Shabunda kupitia Kindu na Tanzania. Mimi ndiye niliyekuwa natafsiri. Afisa alimwuliza kwa nini alikimbia, naye akaeleza jinsi walivyoshambuliwa kwenye machimbo, wakakimbilia mto Ulindi. Akasema, "Tulikuwa na mwalimu moja wa Bukavu, mutoto wa mupiga saxo." Niliitafsiri sentensi hiyo mpaka mwisho. Kisha nikaomba ruhusa nikatoka.

Tulikaa naye baadaye nyumbani kwangu. Destin alipigwa risasi wakiwa katikati ya maji, amembeba mgongoni mzee mmoja asiyejua kuogelea. Placide na wenzake waliwavuta wote wawili hadi ng'ambo. Mzee alipona. Destin hakufika jioni. Walimzika ukingoni, juu kidogo, maji yasipofika, wakasali walivyoweza. Alikuwa anawafundisha wachimbaji kusoma kila Jumapili. Placide alijifunza kwa Destin kuandika jina lake. Aliniandikia, nikaona mwandiko wa Destin katika ile P.

Papa mudogo, ilikuwa kabla ya Pasaka.

Nimeandika barua hii na kuichana mara nyingi. Nilifikiri nikunyamazie, usije ukafanya jambo pale wakakuua. Lakini nikakuona umelala chini mbele yao kila Samedi, nikashindwa kubaki na siri hiyo.

Njooni. Sasa hakuna wa kungojewa. Njooni kwangu.

Mtoto wenu,
Bibiane

*

Bukavu, 20 Februari 2000

Bibiane mutoto yangu,

Tunakusalimu sisi wawili, na Murhula, na batoto. Naandika polepole. Mudomo bado ina uzi, daktari ananikataza kucheka, na hiyo si kazi ngumu siku hizi. Usinitafutie viza, jina yangu iko kwa barrière ya Ruzizi, pale mupakani, siwezi kuvuka. Kula tunakula. Apolline ananisagia bugali inakuwa uji.

Barua yako ilifika karibu na Noeli. Soeur Colombe alipoingia, Apolline alikuwa anatwanga sombe. Alimutazama Soeur kwa uso, akaweka muchi chini, akasema, "Ni Destin." Mimi nilikuwa sijafungua karatasi. Nilimusomea yote, hata ya muzee kwa mugongo. Aliniambia nisome pale tena.

Tuliweka matanga. Siku ya kwanza hakuja mutu. Tulikuwa sisi na Soeur, na viti tuliazima kwa kanisa ya paroisse, vitupu. Watu walikuwa wanapita kwa njia wanatazama mbele. Nani atalala chini kwa matanga ya musicien ya Commandant? Mimi nilitaka kurudisha viti. Apolline akaamka, akaenda na magoti yake mpaka kwa njia, akasimama katikati.

"Mama za Kadutu, sikieni!" Alikuwa hajapiga kelele hivyo tangu nilimuoa. "Munatutemea mate, sawa! Bwana yangu alikuwa anapiga ile saxo ili wamurudishe mutoto yetu. Mutoto alikufa mbele ya Pasaka. Walimulaza bwana yangu chini kwa ajili ya maiti! Sasa mupite, kama munaweza kupita!"

Maman Francine alikuwa kwa mulango yake. Aliingia ndani, nikasema basi, imekwisha. Akatoka na mukeka na beseni ya unga. Alitandika mukeka karibu na Apolline, akakaa. Kufika jioni viti havikutosha.

Baada ya matanga nilikwenda kwa Commandant, mchana, na miguu. Nilimukuta kwa barza ya nyumba yake anakunywa chai.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Muzee, Shabunda iko mbali. Nani anajua nani iko muzima kule?"

"Ulisema pilote alimuona."

"Nilisema hivyo roho yako itulie. Si ilitulia? Ulipiga muzuri." Akanimiminia chai. "Samedi ni fête, karamu ya bibi yangu. Gari itakuja."

Chai sikukunywa. Gari ilikuja, nikamwambia chauffeur niko mugonjwa. Ikaja tena. Nilijua wataniacha siku kidogo, halafu hawataniacha.

Mwezi wa kwanza ukaisha, muji ikafunga, kukataa wale wa bunduki. Ville morte. Hakuna soko, hakuna shule, hakuna taxi. Watu walikubaliana kengele ya saa sita ikilia, kila mutu kwake apige kitu: sufuria, bati, filimbi. Bunduki haiwezi kujua sufuria gani imeanza. Kengele ikalia, Kadutu yote ikalia, mpaka kuku zikaingia chini ya kitanda. Apolline alikuwa kwa jiko, mikono kwa magoti, hapigi. Tangu siku ile ya njia alikuwa amenyamaza kabisa.

Mimi nikatoa saxo. Nilijua sufuria ni nyingi lakini saxo ni moja. Sikuwa shujaa, Bibiane, usimwambie mutu hivyo. Nilikuwa nimechoka tu kuwa na ile sauti ya mwisho niliyopiga, ya kulala chini. Nilisimama katikati ya parcelle, uwanja wa nyumba yetu, nimevaa viatu, nikapiga kama zamani pale kwa dancing, nikaimba ndani ya koo mpaka sauti ikapasuka. Kifua ilikubali. Sikufikiri itakubali. Nyumba za karibu zikanisikia, zikapunguza sufuria ili nisikike, halafu zikapiga na mimi, na mwendo yangu. Miaka yote sikuwahi kuwa na orchestre kubwa hivyo.

Walikuja bado napiga. Moja alinyang'anya saxo, mwengine akanipiga na kitako ya bunduki, hapa mudomoni. Nilianguka. Waliijua kazi yao: hawakugusa mukono, hawakugusa mugongo, ni mudomo tu wa kupigia saxo. Commandant hakuja, alituma tu neno. "Aliyekuwa anaumwa tumemuponesha," wakasema, wakacheka. Na quartier yote ikanyamaza. Walitoka na saxo yangu wameishika na shingo kama kuku, wakaanza kuteremuka, na nilisikia viatu vyao kwa mawe.

Halafu nikasikia sufuria moja, karibu sana. Nikafikiri ni Maman Francine. Nikageuza kichwa. Ilikuwa Apolline, ametoka kwa jiko, amesimama juu ya ile kiti yake, anapiga sufuria ya bugali na muchi, na macho kwa wale watu. Walisimama, wakamutazama. Hakuacha. Maman Francine akapiga ya kwake, halafu nyumba ya nyuma, halafu ile ya chini, halafu Kadutu yote. Basoda wakaendelea kuteremuka, sasa mbio kidogo.

Nilikaa chini pale, damu kwa shati, nikasikiliza bibi yangu mpaka mukono yake ikachoka.

Tuko hapa, mutoto yangu. Tusalimie Placide, mwambie asiache kuandika.

Papa yako mudogo,
Honoré